Mti Uliolala

Jumanne jioni, chumba cha pili, Isevya,
mwalimu Nyanzala anachora mti uliolala:
shina kushoto, matawi yanakimbilia kulia
kama mninga ulioangushwa na upepo.
Mraba ni wewe, anasema. Duara ni dunia.
Kwenye mraba unachagua.
Kwenye duara unachaguliwa.

Mimi miti naijua. Baba alitundika mizinga Ipole,
nikishika kamba, yeye akipanda na mwenge wa magome,
na hakuna siku aliyoniambia tawi hili ni sita kwa kumi.
Alilipiga ngumi, akasikiliza,
akapanda au akashuka.

"Leteni mzigo wenu," anasema, "si wa kitabuni."
Kapaya wa tumbaku anainama. Dada wa benki anatazama kucha.
Basi nataja wangu: ndoo sitini za asali, stoo ya Kanyenye.
Mnunuzi wa Kahama anatoa laki kwa ndoo, taslimu, Ijumaa.
Au nimngoje Desemba yule wa Dar
anayesema laki na themanini
na hapokei simu mara mbili.

Nne kwa kumi anakuja. Sita kwa kumi haji,
nami nauza kwa elfu sitini, ndoo zimeanza kutoa povu.
Chaki inazidisha, inajumlisha.
Kuuza: milioni sita.
Kungoja: milioni sita, laki nne na elfu themanini.
Ngoja, linasema darasa.

Naitazama ile namba. Ni namba safi
na haitatokea kamwe.
Atakuja mtu na kumi na ushee, au na tatu na ushee,
lakini hakuna atakayeshuka stesheni ya Tabora
ameshika milioni sita, laki nne na elfu themanini
akiuliza nyumbani kwangu.

"Na usingizi," nikauliza, "unachorwa wapi?
Na ada ya Mihayo, tarehe kumi, mwezi wa kwanza?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akafuta shilingi zote kwenye ncha za matawi
akanipa chaki:
andika itakavyokuuma.

Tuliambiwa majuto ni mjukuu.
Huku ndiye anayeitwa kwanza.
Unakaa naye nchani, unamuuliza jina,
kisha mnarudi pamoja, tawi kwa tawi, hadi shinani.
Wangu, kwenye tawi la chini,
alikuwa amevaa sare ya shule na amerudishwa getini.

Umeme ukakatika. Tukawasha simu.
Mwalimu akauliza gizani, kama anayetafuta kiatu:
"Nani alisema matawi ni mawili?"

Niliuza arobaini. Ishirini zikabaki.
Usiku uleule, kabla sijajua lolote,
niliandika daftarini: tarehe, sababu, hofu,
kwa nini nne kwa kumi na si tano.
Nikatia sahihi kama mtu anayekopa.

Desemba yule wa Dar akaja, na magari matatu.
Laki na tisini.
Shemeji Ntabo akapiga hesabu mbele ya wageni:
ndoo arobaini mara elfu tisini,
akanywa chai yangu, akairudia polepole,
milioni tatu na laki sita,
kama anayesoma jina la marehemu.

Sikumjibu. Nilifungua daftari.
Mwandiko ni wangu, wino bado mzito,
na aliyeandika hakuwa ameyaona yale magari.
Nilimsoma hadi mwisho bila kumwonea aibu.
Kosa nililomkuta nalo ni moja:
hakununua vocha ya elfu mbili
kumuuliza dereva anayempakilia yule bwana.

Nikaliandika chini, kwa wino mwekundu.
Kisha nikamwongeza shemeji sukari.