Chini Zaidi

Regula Imboden aliniajiri niandike maneno ya filamu.
Nikampa kurasa arobaini. Alizisoma garini
tukipanda kona za mlimani,
kisha akaziweka sakafuni, na juu yake
buti zake zenye tope.
"Kwanza tutazame," alisema.
Hapo nikajua ugali wangu umeingia mchanga.

Picha ya kwanza: dakika nne, kamera haitikisiki.
Ubavuni mwa mlima kuna weupe,
nao si theluji.
Ni vitambaa, vipana kuliko uwanja wa mpira,
vinavyoungwa kwa uzi na wanaume sita
Juni nzima, kuufunika mto wa barafu
usiyeyuke upesi.
Niliandika: *kama mama amfunikavyo mtoto mwenye homa.*
Regula akaupitishia penseli.
"Mwenye homa," alisema, "hufunuliwa."

Adérito ametoka Ureno, kwenye mashamba ya mizabibu.
Amepiga magoti, sindano ndefu katikati ya meno.
Haongei, kwa sababu ana sindano.
Ni hivyo tu, wala usitafute falsafa.
Nyuma yake Kilian anachonga pango la watalii,
lile lile ambalo baba yake alilichonga,
isipokuwa kila mwaka mlango husogea
na ngazi za kushukia huongezwa.
Katika filamu nzima uso wake hauonekani.
Tunaona mgongo, shoka,
na pumzi inayotoka kama moshi wa jiko la kuni mbichi.

Jolanda, fundi wa sauti, alishusha kinasa
kwenye ufa, mita baada ya mita, kwa kamba ya buluu.
Akanivalisha vipokea sauti vyake.
Ndo. Ndo. Ndo.
Kisha mlio kama bawaba ya ghala,
na chini kabisa maji, maji yanakimbia gizani
kama watu wanaohama usiku bila kuaga.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Huku haba na haba kibaba kinamwagika.
(Huu nao ulikatwa. Nimeuiba, nauweka hapa.)

Mpaka Septemba nilikuwa nimebaki na sentensi tatu,
Oktoba moja,
na hiyo moja Regula aliitazama siku mbili
kama mtu anayetazama jino la mwisho la ng'ombe mzee.
Akaling'oa.
Sikununa. Uongo: nilinuna wiki nzima.

Novemba tukaionyesha kijijini,
kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule,
kamba za kupandia zimefungwa ukutani,
jibini linayeyushwa nyuma kwa ajili ya baadaye.
Taa zikazimwa. Mlima ukaja. Kimya.
Nikahesabu: dakika moja, mbili.
Halafu safu ya tatu, bibi mmoja, Aloisia:
"Barafu ilifika pale mwaka nilioolewa."
"Pale wapi? Chini zaidi!"
"Kwenye jiwe la akina Supersaxo."
"Jiwe lile liliviringika, wewe, sabini na nane."
"Chini zaidi, nakwambia, tulikuwa tunalifunga punda pale!"
Na Adérito, amesimama, kivuli chake kimeangukia pazia:
"Glavu yangu!"
Kweli, ile nyekundu, chini ya kitambaa,
imegandiana na mlima.
Ukumbi ukaangua kicheko,
ukaendelea kubishana hadi picha ya mwisho,
kila mtu akinyoosha kidole palipo mawe matupu
na kupaita kwa jina.
Kilian peke yake hakusema.
Alipousikia ukumbi mzima ukipumua pumzi zake
alizibana za kwake.

Nilimgeukia Regula nidhani atawanyamazisha.
Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Nikatoa kalamu, nikaandika gizani
nyuma ya zile kurasa zangu arobaini,
mstari juu ya mstari, bila kuona.
Asubuhi, hotelini, yalikuwa mapito ya kuku.
Nimeyageuza huku na huku.
Nasoma maneno mawili tu,
yamerudiwa, sijui mara ngapi:
chini zaidi
chini zaidi