Meza, Kisha Sema

Sheria ya duka langu ni fupi:
unywe mbele yangu, umeze,
kisha useme neno.
Lolote. Ili nijue dawa imeshuka,
haikubaki chini ya ulimi
ikauzwe nyuma ya kituo cha mabasi.

Methadoni ni ya kijani, kama sabuni ya kuoshea vyombo.
Naipima alfajiri, Dundee ingali gizani,
upepo wa mto Tay ukiisukuma mvua kiooni,
nao wamepanga foleni nje, kola juu, hawatazamani.
Sheena Petrie humeza, husema, "Mwanangu kang'oka jino."
Kijana wa Lochee huitukana timu yake ya mpira,
kila siku tusi jipya. Tusi nalo ni neno. Napokea.
Lorne Geddes, fundi wa mapaa,
aliyeanguka toka ghorofa ya tatu
akapewa vidonge vya mgongo, na vingine, na vingine,
mpaka siku daktari alipofunga daftari pa!
Lorne husema lilelile, Januari hata Julai:
"Leo kuna baridi."

Msinione malaika.
Mmoja wao aliiba baiskeli yangu. Namjua. Anajua kuwa namjua.
Nampimia dozi yake kamili, bila tabasamu.
Wala siamini kila chozi: nimedanganywa hapa
kwa lugha tamu kuliko ile mume wangu aliyonitongozea.

Lakini gazeti la Jumanne
liliandika MATEJA WATEKA MTAA WETU,
herufi nene kama za tangazo la magodoro,
nikakaa na neno lile hadi chai ikapoa.
Mteja huingia kwangu kutafuta dawa ya kikohozi.
Namwamkia, namfungia, namrudishia chenji.
Mng'oe ile M ya mwanzo,
ile ya mtu, ya mzazi, ya mgonjwa, ya mwana,
anabaki teja,
na wakiwa wengi si wateja tena, ni mateja,
wanahesabiwa pamoja na mapipa, madebe, matope.
Herufi moja.
Nani aliyeing'oa? Si sindano.
Sindano haijui kusoma.

Mama yangu alimeza diazepamu miaka ishirini na mmoja.
Nilimpelekea mwenyewe, katika mfuko wa karatasi wenye nembo ya duka.
Vidonge vikichelewa mikono ilimtetemeka,
alimfokea mleta barua, alimfokea Mungu,
nasi watoto tulitembea kwa ncha za vidole.
Mama kachoka, tulisema.
Akazikwa kwa kinanda. Mchungaji akamsifu kwa utulivu.
Tofauti ni mlango.
Mama alikuwa na mlango wa kufunga.

Alhamisi Lorne hakuja.
Ijumaa hakuja.
Redio ikasema: mwanamume, miaka arobaini na minne,
ngazi za jengo la maegesho,
unga wa siku hizi haijulikani umechanganywa na nini,
na sasa hali ya hewa.
Dozi yake niliimwaga mbele ya shahidi, nikatia saa na sahihi.
Ilikuwa mililita sitini. Ilinichukua muda.

Usiku ule ukumbi wa halmashauri ulifurika.
Wanataka huduma ihamishwe. Iende wapi? Kwingine.
Sijawahi kuuona huo mtaa wa Kwingine
na jinsi unavyopokea kila tusichokitaka.
Diwani Dalgleish, pua nyekundu kwa wiski ya kabla ya kikao,
alituhubiria nidhamu.
Kisha wakanipa dakika mbili.

Nilikuwa na hoja nane kwenye karatasi,
nimezipigia mstari kwa kalamu ya duka.
Nikanywa maji. Nikameza.
Ukumbi mzima ukanikodolea kinywa
kama mimi niwakodoleavyo wao,
kuona kama nimeficha kitu chini ya ulimi.
Miaka thelathini nimeficha.

"Leo kuna baridi," nikasema.

Mtu mmoja alicheka.
Katibu akaandika.