Sifuri Mbili

Barabara ya kumi na nne, Ngamiani, chumba cha uani,
mashine yangu ya kuchonga inajua maneno mawili:
kimya, na mbio zote.
Naiomba elfu tano, inanipa elfu kumi na mbili.
Naiomba elfu moja, inanipa elfu kumi na mbili.
Ubao ni msaji wa Longuza, nimeuchukua kwa deni,
na herufi ya kwanza ya chekechea ya Mwanamkasi,
ile K ya KARIBU,
imeungua kingo kama chapati ya mpishi mwenye simu.

Kombo wa cherehani anachungulia dirishani:
"Hiyo mashine, au pikipiki?"
Yeye mguu wake ndio kasi yake,
akikanyaga kidogo sindano inatembea,
akikazana inakimbia.
Mimi mguu wangu ni waya mwembamba wa njano
kutoka kwenye bodi kwenda kwa draiva,
na neno linapita humo vipandevipande,
washa, zima, washa, zima, mara elfu kwa sekunde;
kuwaka kukiwa sawa na kuzima, maana yake nenda nusu.
Wanamwita draiva, ndugu yake dereva,
na huyu naye hasomi vibao.

Juzi niliushuku waya, nikaubadili.
Jana nikaishuku mota.
Asiyejua tatizo hulaumu kilicho ghali.
Leo nimeazima mita kwa Sempule wa mafriji,
sharti irudi kabla ya magharibi.

Ncha nyekundu kwenye njano, nyeusi kwenye bodi:
volti tano. Nikafurahi. Bodi iko hai.
Nyekundu palepale, nyeusi kwa draiva:
namba zikacheza, sita, hasi moja, tisa,
kama mtoto anayeulizwa nani kala sukari.

Nikakaa juu ya ndoo.
Nikamkumbuka wakala wa mizigo aliyeniandikia, "Njoo saa 4."
Nikaenda saa nne, chai bado ya moto.
Kumbe yeye anahesabu kwa simu;
mzigo ulifika saa kumi jioni.
Hakuna aliyedanganya. Nne ni nne.
Ila yeye kaanzia adhuhuri, mimi macheo.

Volti tano, sawa. Tano juu ya nini?
Bodi ina sifuri yake, draiva ana sifuri yake,
na kati ya sifuri na sifuri hakuna hata uzi.

Nikachomoa plagi. Nikahesabu mpaka mia,
maana kapasita zina kinyongo.
Waya mweusi, shubiri moja na nusu,
sifuri kwa sifuri, skrubu ikakaza.

Washa. Elfu tano.

Mbio zote.

Hapo nilitukana, Mola anisamehe, kwa Kidigo,
na Kombo, ambaye mama yake Mdigo, akaangusha mkasi.

Nikafungua mipangilio, mstari kwa mstari,
hadi wa thelathini:
kikomo cha kasi, wameandika kiwandani, elfu moja.
Basi kila nilipoomba elfu tano
bodi ilisikia "yote", ikatoa yote.
Zile volti tano nilizozishangilia
zilikuwa zinaniambia. Nusu ilipaswa kuwa mbili na kitu.
Nilipima, sikusoma.

Nikafuta. Nikaandika elfu kumi na mbili.
Ikaanza polepole, kwa mngurumo wa chini,
na vumbi likatoka la kahawia, halina moshi.
Kombo akasimamisha mguu asikilize.
A ikachongeka. R ikachongeka.

Bado haijatulia: elfu tano niliyoomba,
nikiipima, ni elfu nne mia sita.
Tofauti nimeiandika ukutani kwa chaki.
Mita niliirudisha baada ya isha, Sempule hakunisalimu.
Asubuhi Mwanamkasi akaja, akapapasa ile K nyeusi,
akafungua pochi, akahesabu mara mbili.
Amekata elfu tano.
Hiyo imefika kamili, haikupungua hata moja.