Madaraja

Katibu Mwasile amenipa fomu
na kalamu isiyotoa wino mpaka uipumulie.
Chagua, Tusekile, msimu unaanza:
daraja la pili, daraja la tatu,
au hizi za watoto ambazo hakuna azitakaye.
Visanduku vitatu. Alama ya vyema kimoja tu.

Nimekaa kwenye benchi la ofisi, Tukuyu,
mvua inapiga bati kama mashabiki waliolipa kiingilio.
Nahesabu.

Daraja la pili lina posho, hata ikichelewa.
Lina soksi mpya, lina kamisaa mwenye kalamu mbili,
nauli ya Njombe kwenda na kurudi,
na chipsi mayai kwa mtu aliyezoea ndizi.
Goti langu la kushoto nalo linajua
dakika ya sabini inavyouma
mpira ukipigwa mrefu, nami niko nyuma.

Lina Mafinga pia.
Fomu haina nafasi ya kuandika Mafinga.
Dakika ya themanini na nane,
mkono uligusa, au haukugusa,
jua la magharibi lilikuwa machoni,
nikapuliza.
Walinitoa kwa lori la mbao,
nimelala katikati ya paini mbichi,
nywele zimeshika utomvu,
filimbi bado mdomoni.
Hadi leo sijui.
Hilo ndilo huniamsha usiku. Mawe nimeshayasahau.

Daraja la tatu ni la nyumbani, na nyumbani ni pagumu.
Nahodha wa Kiwira ndiye mchinjaji wangu:
nikimwonyesha Ambakisye kadi ya njano
Jumapili napimiwa mifupa.
Winga wa Masebe ni mtoto wa dada.
Akianguka ndani ya boksi
uwanja mzima unanigeukia mimi,
hata dada, mwenye ndoo ya karanga kichwani.

Halafu watoto. Katumba, Jumamosi, saa tatu asubuhi,
uwanja umeinama kuelekea chai.
Timu inayocheza bondeni hufunga mengi,
kisha tunabadili upande, na haki inakaa sawa.
Mpira ukizama kwenye chai nasimamisha saa,
tunangoja wote, ishirini na wawili na mimi,
tunatazama majani yanavyotikisika
mpaka mmoja aibuke na mpira na umande.

Lugano, gambuti za baba yake miguuni,
alinifuata hadi katikati:
Refa, kwa nini?
Hakuwa na hasira. Alitaka kujua.
Nikachuchumaa. Vijiwe vitatu na pera moja:
huyu beki, huyu kipa, huyu wewe,
pera ndio mpira. Umeona ulipokuwa?
Akaona. Akala mpira. Tukaendelea.

Wakubwa hawaniulizi.
Wakubwa wanamtukana mama yangu,
aliyelala Masoko mwaka wa kumi huu
na hakujua kuotea ni kitu gani.

Wenzangu watasema nimeshuka daraja.
Kule mtoni Kiwira kuna jiwe limevuka maji,
watu huliita Daraja la Mungu.
Sijasikia mtu akiuliza ni la ngapi.
Mto unapita chini, miguu inapita juu,
lenyewe hukanyagwa, na lipo.

Nisijifanye mtakatifu, lakini.
Leo alfajiri, kabla ukungu haujaachia uwanja wa shule,
nilikimbia mizunguko yote ya mtihani,
peke yangu, saa mkononi,
goti likilalamika kwa Kinyakyusa.
Hakuna aliyenituma.

Umemaliza? anauliza Katibu.
Nimepumulia kalamu.
Nimeweka vyema kwenye kisanduku cha watoto,
nikaikoleza mpaka karatasi ikatoboka kidogo.
Kisha nikaigeuza fomu,
na nyuma yake, pembeni, kwa herufi ndogo,
nimeandika muda wangu wa leo.