Alama ya Maji

Shauri namba kumi na saba. Karani ni mimi.
Nimeliandika kwa kalamu mbili; ya kwanza iliishiwa wino
Nyangeta Mafuru alipofika kwenye neno "sitaki".
Mwenyekiti Kalokola akasema: futa hilo,
andika "anaomba kusamehewa wadhifa".
Nikafuta. Lakini karatasi zetu ni nyepesi,
ukigeuza upande wa pili, neno bado linakutazama.

Kijiji kilimchagua mweka hazina wa maji
siku aliyokuwa Nansio kupima macho.
Asiyekuwepo na lake halipo, walisema,
mikono ikapanda upesi, kama ya watu wanaofukuza wadudu wa ziwani,
maana kila mkono uliopanda ulikuwa umeokoka.

Sheria ndogo haina kona: aliyechaguliwa hakatai.
Akikataa, faini elfu hamsini.
Na pampu ikifa zamu yake, pungufu ni lake.
Kamese aliuza ng'ombe wawili kwa bomba lililopasuka akiwa msibani.
Mtani alihamia Goziba usiku,
akaacha daftari kizingitini, juu yake jiwe, lisipeperuke.
Sasa daftari na jiwe vyote ni vya Nyangeta.

Kifungu cha tisa kinasamehe watu wanne:
mjamzito,
mgonjwa mwenye cheti,
mtumishi wa zahanati,
na aliyetimiza miaka sitini.
"Mimi ni huyo wa mwisho," alisema.
Wakaomba kitambulisho. Kitambulisho kikasema
hamsini na tatu.

"Aliyeandika hakuniuliza. Alinitazama usoni
akaandika alichokiona, na siku hiyo nilikuwa nimejipaka mafuta."
Baraza likacheka. Kicheko sikukiandika,
fomu haina nafasi yake.

"Nilizaliwa ziwa lilipopanda, Uhuru ukiwa mchanga.
Mama alijifungulia juu ya marobota ya pamba
kwa sababu sakafuni maji yalikuwa magotini.
Baba akachora ukutani kwa msumari
mstari mrefu, pale maji yalipokoma,
na kando yake mstari mfupi. Huo mfupi ni mimi."

Basi tukaenda kuutazama ushahidi,
wajumbe sita, viatu mkononi,
mimi nyuma, faili kichwani.

Ghala lipo. Ukuta upo.
Ila ziwa limepanda tena tangu mwaka juzi,
magugumaji yamechungulia dirishani na kuingia,
na mistari yote miwili iko chini,
futi mbili, pengine tatu.
Mjumbe Bwire akazamisha mkono hadi kwapani,
akapapasa matofali kama anayetafuta sarafu
kwenye mfuko wa koti la mtu mwingine.
"Kuna kitu nagusa. Sijui ni mstari au ni ufa."

(Nisisahau: Bwire alikuwa wa pili kwa kura.
Nyangeta akisamehewa, daftari linavuka njia tu,
linaingia kwake.)

Mwenyekiti akanigeukia: hilo utaliandikaje?
Nikaandika: *Shahidi yupo, ila amezama.*

Uamuzi: shauri limeahirishwa hadi maji yapungue.
Kwa sasa mwombaji ataendelea kushika ufunguo.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
wajumbe walitia sahihi bila hata kuketi,
wakakung'uta matope, wakavaa viatu.

Tangu hapo namwona kila alfajiri kwenye pampu,
ndoo shilingi hamsini, dumu mia,
anahesabu kwa sauti ili hata watoto wawe mashahidi.
Akifunga, hashiki njia ya nyumbani.
Anashuka ghalani na kijiti chenye alama za kisu.

Juzi nilikagua daftari lake, ndiyo kazi yangu.
Safu ya kwanza, mapato. Ya pili, matumizi.
Ya tatu ameichora mwenyewe kwa penseli,
juu yake neno moja: *Ziwa*.
Mwezi mzima, sifuri. Sifuri. Sifuri.
Kisha Jumatatu: *limeshuka, kidole kimoja.*

Nimegonga muhuri, nimerudisha daftari.
Bwire sijamwambia.