Mkono na Kwapa

Mwalimu Gwasa hataki madumu matupu.
"Dumu tupu halifundishi. Ukiligonga, linacheka tu."
Anayapanga manne ya mawese, yamejaa hadi shingoni,
mawili mbele, mawili nyuma,
katika uwanja wa vumbi nyuma ya stesheni ya Kigoma,
na bei ananitajia kabla sijawasha gari.

Miaka ishirini na sita nashona Mwanga.
Najua kuingiza mkono wa gauni kwenye kwapa:
kikubwa kuingia kidogo,
bila mkunjo, bila kuvuta,
kitambaa ukikibembeleza kwa ncha za vidole.
Lakini hii Starleti ya kijivu nitaibembeleza wapi?
Ina matako tu,
na matako yake hayanisikii.

"Simama sambamba na la mbele.
Sambamba, mama, si kama unakwenda kulibusu.
Rivasi. Polepole. Kata kushoto, yote, yote!
Kioo cha kulia kikikuonyesha dumu la nyuma, nyoosha.
Pua ikishapita, kata kulia.
Kwisha."

Kwisha kwake.
Kwangu ndipo kizibo kiliporuka
na vumbi likawa jekundu kama nimechinja.
Nusu dumu tuliliokoa kwa kata na kitambaa,
na wiki nzima maharage ya nyumbani kwangu yaling'aa,
wanangu wakila kosa langu kwa ugali, wakilisifu.

Sikununua gari nijionyeshe.
Sare za shule zinakwenda Kasulu, zinakwenda Uvinza,
na nilichoka kuliacha kule Katubuka penye uwazi,
halafu nipande na bunda kichwani
kama mtu asiye na gari.

Jumanne hiyo nafasi ilikuwa moja tu mbele ya duka langu:
juu, Fuso la saruji; chini, pikapu ya dagaa;
kushoto mtaro,
na mtaro hauna bei, unameza tairi na kunyamaza.
Barabara inateremka, ziwa liko kule chini linang'aa,
na gari, ukilegeza mguu, linataka kwenda kuoga.

Wakatokea walimu.
Wanaume watano, mikono kumi,
kila mkono na njia yake:
"Leta! Leta! Kata! Siyo huko!
Rudi mbele! Mama, shuka nikusaidie!"
Bwana Kifuku wa vitenge akaacha mteja na futi yake mkononi
aje kunionyesha kulia ni wapi.

Nikapandisha kioo cha dirisha.
Joto likaingia nami tukakaa wawili.
Sambamba. Rivasi, klachi ikitetemeka kama cherehani kuukuu,
nyuma ikipanda mlima, pua ikitazama ziwa.
Nikakata kushoto
na kwa mara ya kwanza sikuliona gari,
niliona bega la gauni, na mshono unaoanzia nyuma,
na kile kinafasi ambacho jicho linasema hakitoshi
na kidole kinasema subiri.

Nyoosha.
Pua ikapita.
Kulia, yote.

Breki ya mkono ililia kriii, kisha kimya.
Waliokuwa wananyoosha mikono
wakabaki nayo hewani, hawajui waiweke wapi.
Mmoja akasema, "Si unaona? Nilimwambia."

Sikujibu. Nilivua tepu shingoni,
nikainama barabarani na kanga yangu nzuri,
nikapima. Kisha dukani, katika daftari la vipimo,
chini ya Bi Tamasha, kifua arobaini na mbili,
nikaandika:

Starleti. Mbele, inchi kumi na tisa.
Nyuma, inchi kumi na nne.
Mtaro, inchi saba, tairi zote mbili.

Sijamaliza kukausha jasho, Fuso likaondoka.
Pikapu nayo.
Gari langu likabaki peke yake barabarani,
mbele peupe, nyuma peupe,
kama vile hata mtoto angeliweka pale.

Daftari ninalo.
Bi Tamasha alipokuja kuchukua gauni
akauliza, huyu mwenye inchi saba ni nani,
mbona mwembamba hivi?