Msumari wa Dirisha

Julai, Kariobangi, jua limekwenda likizo,
nasi sita chumbani tunashona sweta za shule,
za kijani, za damu ya mzee.
Dirisha lilipigwa msumari
mwaka ule mkono wa mwizi ulipoondoka na cherehani ya Odera.
Tangu hapo pumzi yetu ni moja,
tunakopeshana.

Jumatatu Kavata alipiga chafya.
"Afya!" tukaitikia,
na afya ilikwisha kutoka:
matone madogo kuliko tundu la sindano
yakatua kwenye uzi, kwenye mkasi,
kwenye kikombe kile kimoja cha bati.
Mengine hayakutua.
Yalielea chini ya taa yakingoja pua.

Jumatano, Odera.
Alhamisi, Kwamboka, sauti imemchanika.
Tukailaumu baridi; baridi haina wakili.
"Fungeni na mlango," alisema Gathogo, "mtaugua."
Tukafunga.
Tuliifungia baridi nje,
tukajifungia mafua ndani.

Mimi nilibeba bila kujua.
Nilimpakata Nafuna, miezi saba,
kwa vidole vilivyotoka kufuta pua yangu.
Usiku wa tatu kifua chake kilipiga mluzi,
ngozi ikazama katikati ya mbavu
kila alipovuta hewa.
Alfajiri, zahanati.
Muuguzi hakunikaripia. Aliuliza tu:
Mnalala wangapi? Jiko la makaa liko wapi?
Kazini kwako, kuna dirisha?

Nilirudi kazini na plaizi.
"Na cherehani zikienda?" Gathogo akafoka.
Tia nondo, nikamwambia. Msumari nautoa.
Ulilia ukitoka, kutu imeshika mbao,
kisha upepo ukaingia bila hodi,
ukatukuta tumejitanda sweta zisizo mikono.

Sasa sabuni inaning'inia ndani ya soksi kando ya mtungi.
Kila mtu na kikombe chake, changu kina pengo.
Odera hukohoa kiwikoni
kama anayenusa kwapa lake; bado tunamcheka.
Na Kavata alipopata homa tena
tulimwambia abaki kitandani,
tukashona sweta tatu kwa jina lake,
maana malipo ya dazeni hayajui homa.

Jioni nafika mlangoni.
Nafuna ananinyooshea mikono,
analia, haelewi
kwa nini mama, aliyekwisha kufika,
ameinama kwanza kwenye beseni.